Kiingilio Chumbani kwa Teodora

Makochi ya Yeremia yalivaa nailoni, na nailoni ile ilikuwa na sheria zake. Mgeni wa kawaida alikaa kwenye benchi la korido. Mgeni wa heshima alipewa kigoda kilichoelekea makochi, ayaone vizuri. Kwenye makochi yenyewe alikuwa amekaa mtu mmoja tu tangu yaingie nyumbani, naye ni padri, na alipotaka kuinuka nailoni ilimng'ang'ania kanzu ikabidi avutwe.

Asichekwe Yeremia. Kiwanda cha nguo kilipopunguza watu kilimpa mkono wa kwaheri na kiinua mgongo. Wenzake wengine walikunywa fedha zao mpaka zikaisha, wengine walinunua mitumbwi ikazama. Yeye alinunua makochi. Kila asubuhi aliyatazama akajua ujana wake umekwenda wapi, na kwamba angalau umekwenda mahali pasipovuja.

Basi mkewe Teodora aliposimama mlangoni na ufagio, akasema anataka nyumba, Yeremia alishika kwanza mkono wa kochi.

"Nyumba ipi?"

"Hii. Jumamosi ya wiki ijayo. Siku moja tu."

"Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Watu watakuja kutazama sebule, watalipa."

"Walipe kutazama sebule?"

"Wewe si unaitazama kila siku?"

"Mimi silipi."

"Hapo ndipo tulipokosea," Teodora akasema, akaendelea kufagia.

Jambo lenyewe lilianzia hospitalini, kwa daktari msichana aitwaye Rebeka, mwenye miguu myembamba na maswali mengi. Mwaka juzi Teodora alikatwa titi la kushoto. Kansa. Akapona, akarudi nyumbani kwake Mirongo, akaliziba pengo mwenyewe: alichukua soksi, akaijaza sufi, akaifunga kwa uzi, akaipachika ndani ya sidiria. Kwa mbali ungesema Mungu hakugusa kitu. Kwa karibu hakufika mtu, hata Yeremia, ambaye tangu siku hiyo alikuwa akilala ameelekea ukuta, akisema mgongo unamsumbua.

Mama yake Teodora alikufa kwa titi. Dada yake mkubwa pia. Na sasa Odeta, binti yao wa pekee, mkata minofu ya sangara kiwandani, alikuwa amemuuliza mama yake swali moja wakichambua mchicha. "Na mimi, mama?" Teodora alilibeba lile swali mpaka kwa Rebeka kama mtu anavyobeba cherehani iliyoharibika mpaka kwa fundi.

"Sijui, mama," Rebeka alisema.

"Umesoma miaka yote hiyo, hujui?"

"Vitabu nilivyosomea vimeandikwa kwa matiti ya Uingereza. Ya wanawake wa huku hakuna aliyeyauliza. Nataka kuyauliza mimi. Nizunguke vijijini na visiwani, niwapime, nijue nani anaugua, ana umri gani, mama yake alikuwaje. Gari la utafiti ninalo, halina petroli. Na wanawake wakisikia neno titi wanakimbia. Nimeambiwa nisipoanza mwezi huu, gari linapelekwa Dar es Salaam."

"Kwa hiyo unahitaji petroli na matiti."

Rebeka alicheka mpaka akainuka kufunga mlango, wagonjwa wa nje wasisikie. Alipotulia akamsimulia kwamba kule Ulaya alikosomea, kina mama hupamba vyumba vya nyumba moja, kila mmoja kwa ufundi wake, na watu hulipa kiingilio kuvitazama. Fedha zote huenda kwenye utafiti wa kansa ya titi.

"Watu wazima na akili zao wanalipa kutazama kochi?"

"Wanapanga foleni, mama."

Teodora akafikiri kidogo. "Kochi ninalo," akasema.

Nyumba yao ilikuwa na korido katikati na vyumba vya mbele viwili vinavyotazamana. Kushoto sebule ya Yeremia. Kulia chumba alichopanga Moza, fundi wa mapazia, mwanamke wa Kimanyema aliyezaliwa Ujiji na kukulia palipo na kelele. Yeye na mumewe Yahaya walilala chumba cha nyuma. Hiki cha mbele kilikuwa cha cherehani. Moza na Teodora walianza kutaniana siku Moza alipohamia, na hakuna aliyekumbuka ni nani aliyeanza.

"Chumba kimoja peke yake ni maonyesho ya nini?" Moza alisema akiwa na pini mdomoni. "Watu watakuja kumtazama nani akishindana na nani? Wewe upambe chako, mimi nipambe changu."

"Wewe upambe? Shuka la kitandani kwako lina kiraka cha bendera."

"Kiraka cha bendera ni uzalendo, mwenzangu. Tuone nani atajaza."

Teodora akaelewa mara moja. Usukumani ngoma haina refa. Vikundi viwili, Wagika na Wagalu, huchezea uwanja mmoja kwa wakati mmoja, huyu kule na huyu huku, na watu hukimbilia wanakovutiwa. Jua likizama, aliyezungukwa na wengi ndiye mshindi, na aliyebaki na mbwa na shangazi zake anakunja ngoma anakwenda nyumbani.

"Kiingilio shilingi mia," Teodora akasema. "Kila mlango na kopo lake. Jua likizama tunatazama korido imejaa upande gani."

"Na ukishindwa?"

"Nitakuwa nimekununulia wewe sifa na Rebeka petroli."

Yeremia alikuwa nje akijifanya anapiga msumari benchi. Alikuwa amekataa nyumba yake isitumike, tena kwa maneno ya kiume. Lakini aliposikia mashindano, nyundo ikasimama hewani. Ujanani alikuwa Mgalu, aliyecheza na nungunungu hai kichwani, na hata leo kipara chake kilikuwa na vidoti vya ushahidi.

"Mama Odeta," aliita. "Ni mashindano?"

"Ni mashindano."

"Ungesema mapema," Yeremia akasema. "Mimi nilidhani ni ugonjwa."

Jumatano Yeremia alivaa koti, akasema anakwenda kumsalimia binamu, akapanda basi kwenda Kisesa. Binamu hakumwona. Alikwenda kwa mzee Mayala, mganga wa ngoma aliyekuwa akiwatengenezea Wagalu dawa ya mvuto, ile ya kuvuta watu uwanjani.

"Mwangaluka, mzee."

"Mwangaluka. Bado unacheza, kwa kipara hicho?"

"Sichezi. Ni mke wangu, ana mashindano."

"Ya ngoma?"

"Ya sebule."

Mayala alianza kuhesabu kwa vidole. "Nimevutia watu kwenye ngoma," alisema, "nimevutia kwenye duka, nimevutia kwenye kampeni za uchaguzi huu wa vyama vingi. Sebule ndiyo mara ya kwanza."

"Kampeni walishinda?"

"Walikuja wagombea wa vyama vyote. Mmoja wao alishinda."

Bei ilimuuma Yeremia. Mayala alitaka saa ya mkononi, ile aliyopewa kiwandani siku ya kuagwa, iliyoandikwa nyuma ahsante. Yeremia alivua akaona mstari mweupe kwenye mkono wake kama wa mtu aliyefungwa kamba. Akapewa kifundo cha kitambaa cheusi na masharti. Chimbia chini ya kizingiti cha chumba cha mke wako. Usimwambie mwenye chumba. Ikishaingia ardhini haiguswi mpaka jua la siku ya mashindano lizame. Ukiifukua kabla, unafukuza watu wako mwenyewe.

Alhamisi asubuhi wanawake walikwenda soko la Mlango Mmoja kuchagua vitambaa vya mitumba. Yeremia alipiga magoti kwenye mlango wa sebule, akachimba pale saruji ilipobomoka, akaweka, akafukia, akakanyaga kwa kisigino. Akasimama akijipangusa vumbi, mwepesi kama kijana.

Ijumaa mchana, Moza akarudi na furushi la taa za Krismasi alizokopa kwa Mhindi mmoja muuza vyombo.

"Mwenzangu, kuna shida," alisema. "Taa zangu zinataka soketi. Chumba changu hakina."

"Sebule inayo," Teodora akasema. "Tubadilishane. Mimi sitaki umeme."

Yeremia alikuwa anakula ugali kwa furu, samaki wadogo wa ziwani. Tonge lilibaki mkononi. "Mbadilishane nini?"

"Vyumba, shemeji. Mimi nakuja sebuleni, mkeo anakwenda kwangu."

"Haiwezekani."

"Kwa nini?"

Yeremia aliangalia dari. "Kile chumba cha upande wa kulia kina upepo."

"Upepo ni mbaya?"

"Na makochi?" Yeremia akasema haraka. "Makochi ni ya mke wangu, yataingiaje kule? Mlango ni mdogo."

"Yabaki hapa," Teodora akasema. "Sina kazi nayo. Moza atayatumia."

"Mama Odeta, umpe mshindani wako makochi yangu?"

"Baba Odeta, makochi yako kila mtu ameshayaona kupitia dirishani bila kulipa."

Yeremia alitamani kusema. Lakini Teodora alikuwa mwanamke wa kanisani, na dawa alizokubali zilikuwa mbili tu, ya hospitali na maji ya baraka. Na Moza alikuwa Moza. Angetembea na habari ile mpaka Kirumba kabla ugali haujapoa. Alitamani kuifukua usiku, lakini sharti ni sharti. Tena mchana ule ule Moza alikwishatandika mkeka juu ya kizingiti hicho hicho, akakaa na cherehani yake kushona marinda ya mapazia, na jioni akaletewa chakula hapo hapo.

"Shemeji, mbona unanizunguka kama kuku anayetaka kutaga?" alimuuliza.

"Naangalia saruji," Yeremia akasema.

Jumamosi walikuja. Walikuja wa Mirongo, wakaja wa Kirumba na kanga zao mpya, walikuja wake za wafanyakazi wa bandari, wakaja hata wauza dagaa wenye ndoo tupu. Odeta aliwekwa koridoni, kopo la maziwa ya unga mbele ya kila mlango, na sauti aliyorithi kwa baba yake. Rebeka aliwekwa chumba cha nyuma cha Moza, na pazia, na kitanda, na glavu. Kazi ilikuwa hiyo: watu watazame vyumba, walipe, kisha kina mama waingie nyuma wapimwe.

Kwa Moza palikuwa na mambo. Taa za rangi ziliwaka na kuzima kwenye kabati la vyombo kana kwamba vikombe vinakonyezana. Mapazia yalishuka kwa marinda matatu, maua ya plastiki yalimwagwa mpaka kwenye redio, na juu ya meza kulikuwa na televisheni ya kuazima, ambayo haikuonyesha chochote ila chenga, lakini zilikuwa chenga za kisasa. Na katikati, kwenye nailoni, makochi ya Yeremia yaling'aa kama sangara watatu waliotolewa majini sasa hivi. Foleni ilitoka mlangoni ikafika barabarani.

Kwa Teodora palikuwa kimya. Alikuwa amezisiliba kuta kwa udongo mwekundu aliouteka mlimani Ilemela, juu yake akachora kwa majivu na udongo mweupe mistari na madoadoa, kwa vidole, kama mama yake alivyokuwa akipamba ukuta wa jiko. Chini mkeka. Katikati kigoda kimoja, juu ya kigoda kitambaa cheupe alichofuma yeye mwenyewe kwa sindano moja miezi ile alipokuwa amelazwa. Basi. Chumba kilinukia mvua ya kwanza.

Mpaka saa sita kopo lake lilikuwa na sarafu moja ya shilingi mia, iliyotiwa na Yeremia. Hata hiyo hakutaka kuitoa.

"Baba, kiingilio," Odeta alimwambia alipotaka kupita.

"Mimi ndiye mwenye nyumba."

"Leo nyumba ni ya utafiti."

Alilipa, akachungulia, hakuingia, akarudi kusimama koridoni akitazama kizingiti cha Moza kinavyofanya kazi. Dawa ilikuwa nzuri. Saa yake ilikuwa imefanya kazi ya saa nyingine yoyote: ilikuwa inawaleta watu kwa wakati, ila kwa mtu mwingine.

Akaja pia mama mmoja mnene wa hadhi, Mama Modesta, ambaye mumewe alikuwa na magari mawili ya kubeba samaki. Alipitisha pua mlangoni kwa Teodora. "Hiki nacho ni chumba, au ni stoo?" akauliza watu wa koridoni, nao wakacheka kwa sababu ya magari mawili. Akaenda zake kwa Moza, akakaa kwenye kochi bila kuambiwa, nailoni ikalia.

Teodora aliyasikia. Lakini lililomchoma si hilo. Kila alipochungulia nyuma alimwona Rebeka amekaa kitandani peke yake, mikono yenye glavu magotini, kama mtu aliyejiandaa kukanda unga usiokuja. Watu walilipa, wakatazama taa, wakaenda zao. Hakuna mwanamke hata mmoja aliyefika kwenye lile pazia. Petroli ilikuwa inajaa, matiti hakuna. Na gari likipata petroli bila wanawake, litakwenda wapi zaidi ya Dar es Salaam?

Jua la mchana liliingia dirishani. Ilikuwa joto, na sufi ndani ya soksi ilianza kumwasha. Alijikuna. Ikazidi. Mwisho akageukia ukuta, akatia mkono kifuani, akaitoa soksi, akajipepea nayo. Halafu kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kuiweka, akaiweka juu ya kigoda, kwenye kitambaa cheupe.

Akaitazama. Ilikuwa imekaa vizuri pale. Ilikuwa imekaa vizuri kuliko kitu chochote alichoweza kukifikiria kwa wiki nzima iliyopita.

"Na hicho ni nini?"

Alikuwa Mama Modesta, amerudi. Labda kucheka zaidi, labda kutafuta pa kupunga upepo.

Teodora angeweza kusema ni mto wa pini. Neno hilo lilikuwa mdomoni. "Ni titi langu," akasema.

Mama Modesta akatazama soksi, kisha kifua cha Teodora, upande uliojaa na upande uliolala. 

"Lile jingine wapi? La kweli."

"Walilitupa. Mimi nikabaki. Ingekuwa kinyume ingekuwa msiba."

Mama Modesta hakucheka. Alirudi nyuma akausukuma mlango ukafungwa. Akakaa mkekani, na mwili wote ule, na kanga ya bei ile. Akanyoosha mkono akaigusa soksi kwa kidole. "Laini," akasema. Halafu kwa sauti ambayo magari mawili hayakuwemo ndani yake: "Mimi ninayo kama gololi hapa, dada. Tangu Pasaka. Sijamwambia mtu."

"Inauma?"

"Haiumi. Ndiyo maana naogopa."

"Twende," Teodora akasema, akamshika mkono kumwinua, na haikuwa kazi ndogo. "Yule binti ana mikono baridi lakini hana maneno makali."

Wakapita koridoni wakiwa wameshikana mikono, Teodora na kifua chake cha upande mmoja, na Mama Modesta aliyekuwa analia na kucheka. Foleni yote ya Moza ikageuza shingo.

Habari ya namna hiyo haihitaji redio. Kwa Teodora kuna titi mezani. La nani? La mwenyewe. Uongo. Kalione. Foleni ikalegea katikati, ikavuka korido. Wanawake wakaanza kuingia kwa Teodora wawili wawili, kisha watano watano, na kila aliyeingia alikaa kwanza chini, kwa kuwa makochi hayakuwepo, na aliyekaa chini na wenzake huongea. Teodora alirudi akawakuta wanapokezana soksi kama mtoto wa siku arobaini. Mmoja alisema dada yake alipelekwa kwa waganga mpaka likaoza. Mwingine alisema mama mkwe alimwambia ni kijicho. Mmoja, bibi kizee kutoka Igombe, aliuliza kama wanatengeneza na za kuuza, si kwamba anaumwa, ila matiti yake yamechoka. Kicheko kikatikisa ule udongo mwekundu ukutani.

Na wote waliotoka, walitokea mlango wa nyuma wa nyumba, wakapita kwa Rebeka.

Wanaume nao walitaka kuona kuna nini. Moza alikuwa ameacha mkeka wake, akasimama mlangoni kwa mwenzake akiwa ametandaza kanga.

"Hapana, kaka zangu. Humu ni wanawake."

"Tumelipa."

"Mmelipia makochi. Nendeni mkayalinde."

Ndipo Moza mwenyewe akaingia kutazama. Aliichukua soksi, akaigeuza. Ilikuwa ya kuchezea mpira, ya kijani, yenye mstari wa njano.

"Teodora."

"Nakusikia."

"Hii ni soksi ya Yahaya."

Bibi kizee wa Igombe akasogea karibu asikie.

"Ilikuwa kwenye kamba," Teodora akasema. "Ilikuwa imekauka. Nilikuwa na haraka."

"Mwaka juzi mume wangu alicheza fainali mguu mmoja mtupu. Nilimtuhumu mwanamke wa Nyakato, nikamfuata mpaka kwake. Nikamvunjia sufuria."

"Nitamlipa sufuria."

Moza aliitazama soksi, akaitazama sehemu iliyolala kifuani kwa mwenzake, ambayo kwa miaka miwili alikuwa hajaijua, na walikuwa wakitumia bafu moja.  "Ungeniambia ningekupa zote mbili," akasema. Kisha: "Ungekuwa na ya akiba." Wakacheka mpaka wakashikana, na Moza akaenda nyuma ya pazia kwa Rebeka, wa kwanza kati ya watu wa nyumba ile. Wa pili alikuwa Odeta, aliyemwachia baba yake makopo.

Jua lilipoanza kugusa miamba, sebule ya Moza ilikuwa na wanaume wachache waliolala kwenye makochi mbele ya chenga. Nailoni ilikuwa imepasuka pande zote. Upande wa pili huwezi kupitisha hata kuku. Rebeka alitoka nyuma amevua glavu, nywele zimemsimama.

"Mama Odeta, nimeishiwa karatasi za kuandikia. Waliobaki nimewapangia Jumatatu hospitalini, na wote wamekubali. Wengine wametaja dada zao wa Ukerewe, niwafuate." Akapima kopo kwa mkono, kisha la pili. "Na gari litafika."

"Na gololi ya Mama Modesta?"

"Inasogea chini ya kidole, hilo ni jema. Jumatatu tunaitoa tuitazame. Kaja mapema."

Odeta alikuwa amesimama nyuma yake. "Na mimi, mama, nimeuliza tena."

"Akasemaje?"

"Amesema leo sina kitu. La mbele bado hajui."

Teodora akamtazama binti yake. "Safari hii," akasema, "asiyejua ana petroli."

Kwa wakati huo Yeremia alikuwa amepiga magoti kwenye kizingiti cha sebule, anachimba kwa kijiko.

"Shemeji," Moza akasema juu yake, "unapanda mihogo?"

Aliinuka na kifundo cheusi mkononi, vumbi kwenye kipara. Watu wa Usukumani waliokuwepo walikitambua, wakaziba midomo. Yeremia akaona hakuna njia, akasema yote, Kisesa, saa, kizingiti, na upepo wa chumba cha upande wa kulia.

Teodora alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo dawa ya mvuto ilikuwa mlangoni kwa Moza."

"Ndiyo."

"Siku nzima."

"Siku nzima, Mama Odeta."

"Na watu wakaja kwangu."

Yeremia akajipangusa vumbi kiparani. Moza ndiye aliyekaa chini pale pale kwenye shimo, akacheka mpaka akapoteza kilemba. "Nenda ukadai saa yako," alisema alipopata pumzi. "Mwambie dawa yake imeshindwa na soksi ya Yahaya."

Watu walipotawanyika, Yeremia alisimama mbele ya chumba cha upande wa kulia. Mkewe alikuwa ndani, peke yake, anakunja mkeka. Soksi ilikuwa bado juu ya kigoda.

"Naweza kuingia?"

"Kiingilio," Teodora akasema bila kugeuka.

"Nililipa asubuhi."

"Asubuhi hukuingia. Ulichungulia."

Alijipapasa mifukoni, akapata mia ya mwisho, ya basi, akaitia koponi ikalia. Akaingia. Alizunguka kuta zote kwanza, taratibu, mistari na madoadoa, kama mtu anayesoma. Kisha akaichukua soksi, akaiweka katikati ya kiganja chake kikubwa cha kiwandani, akaipima.

"Nilidhani ni nzito," akasema.

"Ilikuwa nzito."

Akairudisha kwenye kitambaa chake, polepole, ikae kama ilivyokuwa. Halafu akainua macho akamtazama mkewe, si usoni tu. Alitazama pale. Alitazama kwa muda wa kutosha mtu aliyelipa.

"Mgongo vipi?" Teodora akamuuliza.

"Umepona," Yeremia akasema.

"Basi njoo na kesho. Lakini ujue bei inapanda."